Kuanzisha kundi la mende dubia kwa ajili ya mjusi wa ndevu

Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mende ni wa kupondwa kwa kandambili mara tu anapoonekana, kwa hiyo si jambo jepesi kwa Mswahili kukubali kwamba wapo mende wanaofugwa kwa makusudi, wanaopimiwa joto na kukatiwa karoti. Hata hivyo, anayefuga mjusi wa ndevu (bearded dragon, mjusi mwenye miiba kidevuni anayefugwa nyumbani) katika mji kama Minneapolis, Marekani, ambako usiku wa Januari joto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na hakuna mdudu anayeonekana nje kwa miezi kadhaa, atagundua kwamba kasha moja la mende ndani ya kabati humlisha mjusi wake mwaka mzima kwa gharama ndogo. Sharti kubwa ni subira, kwa maana makundi mengi hufa kwa sababu mwenyewe alianza kuvuna kabla ya mende kuzaana.

Mende ninayemzungumzia ni Blaptica dubia, ambaye wafugaji humwita dubia tu. Asili yake ni Amerika Kusini, katika nchi kama Argentina na Brazili. Aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 4 hadi 4.5, dume ana mabawa marefu yanayofunika mgongo ingawa hawezi kuruka ipasavyo, na jike ana vibawa vifupi tu, jambo linalorahisisha kuwatofautisha. Hapandi ukuta laini wa plastiki wala wa kioo, na huhitaji joto kubwa ili azaane, kwa hiyo akitoroka ndani ya nyumba ya nchi ya baridi hawezi kuenea. Hoja hii ya pili haina nguvu hata kidogo katika Afrika Mashariki. Joto la Mombasa au la Dar es Salaam linamtosha kabisa, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba mtu asimwingize nchini bila kibali cha mamlaka inayosimamia wadudu wa kigeni. Hata kwingineko, uliza sheria za mahali ulipo kabla ya kuagiza. Mende wa jikoni nao wasitumiwe kamwe badala yake, kwa kuwa huenda wamekula sumu ya kuulia wadudu au wamebeba vimelea vitakavyomdhuru mjusi.

Makazi yao ni rahisi kuandaa. Tafuta kasha la plastiki la lita 60 hivi, lenye kuta laini na lisilopitisha mwanga, kwa sababu mende hupenda giza. Kata matundu mawili makubwa kwenye kifuniko, kisha uyazibe kwa wavu wa chuma uliobandikwa kwa gundi. Wavu wa nailoni hutafunwa. Ndani panga trei za mayai za karatasi zikiwa zimesimama wima, si zimelala, ili kinyesi kidondoke chini badala ya kurundikana walipo mende. Usitandike udongo wala maranda. Sakafu tupu hukuwezesha kuona mara moja chakula kilichooza na mende waliokufa, na mende wachanga, yaani tunutu, hawatapotea humo.

Joto ndilo linaloamua kama kundi litazaa au litakaa tu. Lenga nyuzi 28 hadi 32 upande mmoja wa kasha, na upande wa pili uwe na joto pungufu kidogo ili mende wajichagulie pa kukaa. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliweka kasha sakafuni karibu na dirisha, nikidhani joto la kawaida la nyumba lingetosha, na kwa miezi 4 sikuona tunutu hata mmoja. Mende walikula vizuri, hawakufa, ila hawakuzaa. Tatizo liliisha nilipobandika mkeka wa umeme wa kutoa joto ubavuni mwa kasha na kuuunganisha na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Themostati hiyo si pambo: mkeka usiodhibitiwa unaweza kuyeyusha plastiki na hata kuwasha moto.

Anza na majike 40 na madume 10 waliokomaa. Madume wakiwa wengi mno husumbuana na kuwasumbua majike, hivyo uwiano wa dume mmoja kwa majike matatu hadi matano unafaa. Jike hubeba mayai ndani ya mwili wake kwa takribani siku 65, kisha huzaa tunutu hai 20 hadi 35, ambao nao huchukua miezi 4 hadi 6 kukomaa kutegemea joto. Kwa hesabu ya karatasi, majike 40 wanaweza kutoa tunutu wapatao 1,000 kila baada ya miezi miwili au zaidi kidogo, ilhali mjusi mkubwa, ambaye sehemu kubwa ya chakula chake inapaswa kuwa majani na mboga, hula mende 100 hivi kwa mwezi. Mjusi mchanga ni mlafi zaidi, na anaweza kumaliza tunutu wadogo 30 au zaidi kwa siku moja. Mwenye mjusi wa namna hiyo aendelee kununua wadudu dukani kwa miezi 6 ya mwanzo, huku kundi lake likiachwa bila kuguswa mpaka kizazi cha kwanza kilichozaliwa humo kianze kukomaa.

Kuhusu chakula nitasema kwa kirefu, kwa sababu anachokula mende ndicho anachokula mjusi. Chakula kikavu kiwe cha nafaka, kama vile pumba za ngano na shayiri iliyosagwa, na kiwepo wakati wote. Kila baada ya siku mbili ongeza kipande cha karoti, kiazi kitamu, boga au chungwa, pamoja na majani ya jamii ya sukuma wiki, ambayo Marekani hayakosekani sokoni. Vipande hivyo pia huwapa maji, kwa hiyo hakuna haja ya bakuli la maji, ambamo tunutu huzama. Yaliyobaki yaondolewe kabla hayajaota ukungu, maana ukungu huua kundi haraka kuliko njaa. Wapo wanaowapa mende chakula cha paka ili wakue upesi, nami nawashauri waache: mende anayelishwa protini kupita kiasi huhifadhi asidi ya yuriki mwilini, na asidi hiyo ikizidi kwa mjusi huweza kumletea jongo, ugonjwa wenye maumivu makali na mgumu kutibu.

Siku moja kabla ya kumlisha mjusi, watenge mende watakaoliwa na uwape majani na mboga kwa wingi. Mende ana kalisi kidogo kuliko fosforasi, ilhali mjusi anahitaji kinyume chake, kwa hiyo wapake unga wa kalisi kabla ya kuwatoa. Mjusi anayekosa kalisi, vitamini D3 na mwanga wa urujuanimno (UV) hulegea mifupa hadi taya na miguu yake ikapinda. Mende asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Watolee kwenye bakuli lenye kuta laini, wasije wakajificha chini ya mawe.

Kila miezi miwili au mitatu, chunga kinyesi kwa chekecheo kisichopitisha tunutu, ukivaa glavu na barakoa, kwa kuwa vumbi la mende huamsha pumu na mzio kwa baadhi ya watu hata baada ya miaka ya kuwafuga bila shida. Fanyia kazi hiyo nje au penye hewa, mbali na watoto. Ukimkuta mende mweupe kama maziwa usimtupe, amejivua ngozi tu na atarudia rangi yake baada ya saa chache. Wakati huohuo hesabu madume: waliozidi ndio wa kwanza kwenda kwenye bakuli la mjusi, na majike waachwe waendelee kuzaa.