Kujaza risasi ughaibuni: soma mstari mzima wa jedwali

Jumamosi moja mwezi wa kumi, wiki chache kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa hapa Minnesota, mdogo wangu mmoja wa Tanga alinipigia simu. Alikuwa anajiundia risasi mwenyewe, yaani kujaza baruti kwenye maganda kwa kufuata jedwali la kitabu.

"Shikamoo kaka. Kitabu kimeandika 4350 na kopo langu limeandikwa 4350. Niendelee?"

"Marahaba. Usiguse kitu, nakuja."

Kopo lilikuwa la baruti ya IMR 4350. Jedwali alilolifungua ni la H4350. Kwa macho ni rahisi kuzichanganya: vijiti vyeusi, vifupi kuliko punje ya mchele. Lakini ni baruti mbili, kila moja na mwako wake na jedwali lake. Herufi zinazotangulia namba ni sehemu ya jina, na mtego huohuo uko kwenye 4895 na 4831.

Nianze na karatasi, maana wengi wetu tunaruka hapo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu ganda tupu, fataki (kikofia kidogo kinachowasha baruti), kichwa cha risasi na baruti kuwa ni risasi tayari, hata kabla hujaviunganisha. Na mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki risasi, isipokuwa awe ameangukia kwenye msamaha kama ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa nchini humo. Mwenye green card, yaani mkaazi wa kudumu, haguswi na katazo hilo. Kwa hiyo mwanafunzi anayemwekea rafiki yake kopo la baruti chumbani yuko matatani na wala hana bunduki. Aliyeko Ujerumani anahitaji kibali cha baruti chini ya kifungu cha 27 cha sheria ya vilipuzi, nacho hakipatikani bila kozi. Na usithubutu kupanda ndege na baruti au fataki, iwe mkobani au kwenye sanduku la mizigo.

Sasa jedwali. Mstari mmoja unaeleza kilichotokea maabara siku ya jaribio: kichwa fulani cha uzito fulani, ganda la kampuni fulani, fataki fulani, urefu fulani wa risasi nzima, mtutu wa urefu fulani. Ukibadilisha kimoja, namba ya baruti si yako tena. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha madini ya risasi (lead) chenye uzito uleule, kwa hiyo kinaingia ndani zaidi ya ganda na kuibana nafasi. Ganda la kijeshi mara nyingi lina kuta nene, nafasi inapungua, shinikizo linapanda. Fataki ya magnum nayo inawasha kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana vitabu viwili vya watu makini vinaweza kupishana kwa greni mbili bila yeyote kukosea.

Greni yenyewe ni kipimo kilichoanzia kwenye punje ya shayiri: 7,000 zinafanya ratili moja, na gramu moja ni kama greni 15.4. Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe kimoja cha kuhama kutoka greni kwenda gramu au karati, kwa hiyo angalia alama ya kioo kila unapoiwasha. Kisha pima jiwe la majaribio kabla ya baruti.

Anzia kiwango cha chini. Kama jedwali limetoa cha juu peke yake, desturi ni kushuka asilimia 10: penye 50.0 unaanza na 45.0, halafu unapanda kidogo kidogo. Usivuke chini ya hapo ukidhani ndiyo salama zaidi, kwa kuwa baruti nyingine hazipendi nafasi tupu ndani ya ganda. H110, kwa mfano, mtengenezaji mwenyewe anakataza kuipunguza zaidi ya asilimia 3.

Vitabu vya zamani vinahitaji jicho la pekee. Kikomo cha shinikizo cha risasi ya .308 Winchester utakikuta kimeandikwa CUP 52,000 mahali pamoja na psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000 mahali pengine. Ni kikomo kilekile. Cha kwanza kilipimwa kwa kuponda kipande cha shaba, cha pili kwa kihisi cha umeme. Anayedhani bado ana 10,000 za kuchezea anajitafutia balaa.

Mfano unaonigusa zaidi ni risasi ya Mauser ya 8x57, kwa sababu wapo wenzetu wanaohama Ulaya kuja huku na madaftari yao. SAAMI, chombo cha watengenezaji wa Marekani, kimeiwekea kikomo cha psi 35,000. CIP, chombo cha viwango cha Ulaya, inairuhusu 8x57 IS hadi bar 3,900, zaidi ya psi 56,000. Tofauti hiyo inatokana na historia: bunduki za mwanzo zilikuwa na mitutu ya vichwa vya inchi .318, baadaye vikaja vya .323 (ndivyo vya IS), na Wamarekani wakahofia kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba. Daftari la Ulaya na bunduki kuukuu ya mnadani Marekani havikai meza moja.

Halafu kuna ugonjwa wa kufukuza kasi. Kitabu kilitumia mtutu wa inchi 24, wako ni wa 20, kipima kasi kinaonyesha pungufu, mtu anaongeza baruti ili "afikie." Hatafikia, atapandisha shinikizo tu. Kinyume chake pia: ukigonga kasi ya juu ya kitabu kabla ya kufika baruti ya juu ya kitabu, simama hapo, shinikizo umeshalifikia. Usingoje fataki iwe bapa au mpini wa bolti uwe mgumu kuinua. Dalili hizo huchelewa, na wakati mwingine haziji kabisa.

Mdogo wangu alikuwa ameshajaza risasi 12. Tulizigonga moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa, karibu saa nzima, yeye amenuna. Mezani kulikuwa na kopo moja tu, kwa hiyo baruti tuliirudisha humo. Yangekuwa mawili, tungeimwaga yote.