Jinsi ya kuomba usimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo (Tanzania)

Watu wakimaliza arobaini tu wanaanza kuulizana nyumba apewe nani, wakati hata msimamizi hayupo. Na msimamizi ukoo haumteui jamani, ukoo unapendekeza jina, anayeteua ni mahakama. Hata kama marehemu aliacha wosia na kamtaja mtu humo ndani, huyo mtu bado lazima aende mahakamani athibitishwe.

Jambo la kwanza ni mahakama ipi. Mahakama ya mwanzo inachukua mirathi ya kiislamu na ya kimila, na iwe ya eneo alilokuwa anaishi marehemu, sio unapoishi wewe. Marehemu kama alikuwa mkristo na maisha yake hayakuwa ya kimila, nendeni mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu. Hapa msichukulie poa, mirathi iliyofunguliwa pasipostahili inaweza kuja kufutwa kiwanja kimeshauzwa na hela zimeshaliwa.

Tafuta cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo), kile kibali cha mazishi hakitoshi. Halafu kaeni kikao cha ukoo muandike muhtasari, waliohudhuria wote wasaini. Kusema kweli sheria haijaweka kikao kuwa sharti ila mahakimu wengi watauliza, kwahiyo nenda nao tu. Orodhesha warithi wote, na yule mtoto wa nje ya ndoa ambaye kila mtu anamjua ila hamumtaji muandikeni pia, anarithi au harithi ataamua hakimu, mkimficha ndo atakuja na pingamizi. Wosia kama upo beba orijino.

Ukifika kwa karani unajaza fomu namba 1, unalipia ada unapewa risiti, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda ukiisha mnaitwa mbele ya hakimu, wadhamini waje na vitambulisho. Mambo yakienda sawa unapewa fomu namba 4, hiyo ndo barua ya usimamizi, ndo benki na ardhi wanayoitaka.

Sasa wengi wakishaipata wanajiona mali ni yao. We ni mkusanyaji na mgawaji bro, basi. Kusanya mali, lipa madeni ya marehemu kwanza, ndo ugawe. Ndani ya miezi 4 tangu uteuliwe unatakiwa urudishe fomu namba 5 inayoonyesha mali na madeni, na namba 6 ya hesabu, nani kapata nini, warithi wasaini kila walichopokea. Miezi 4 kama haikutoshi (kesi za nyumba mara nyingi haitoshi) omba uongezewe muda kabla haujaisha. Ukikaa kimya mrithi yeyote anaweza kwenda kuomba uondolewe, na hakimu akishapokea hesabu bila pingamizi ndo anafunga faili.