Somo: Kushughulikia chuma cha zamani chenye rangi ya risasi nyekundu

Rangi ya chungwa iliyokolea inayochungulia chini ya rangi iliyobanduka kwenye mageti, matangi na nguzo za zamani mara nyingi ni risasi nyekundu, yaani oksidi ya metali ya risasi (Pb3O4) inayotengenezwa kwa kuchoma oksidi ya manjano ya risasi hewani, kwenye joto la nyuzi 450 hadi 480 za Selsiasi. Ilikorogwa kwa mafuta ya kitani, na nguvu yake ilitokana na mchanganyiko huo: asidi za mafuta huungana na risasi kuwa sabuni zinazokizuia chuma kuota kutu, hata unyevu unapopenya. Ni kinga bora na ni sumu. Kwa hiyo kazi yetu si kuibandua bali kuifunika, iwapo bado imeshika.

Hatua ya 1. Hakikisha ndiyo. Rangi ya oksidi ya chuma huelekea kahawia ya matofali, ilhali risasi nyekundu hung'aa zaidi, ingawa ikipigwa na hewa kwa miaka mingi uso wake hupauka na kumdanganya mtu. Usiamini macho, peleka kipande kidogo maabara.

Hatua ya 2. Pima kama imeshika. Chora msalaba kwa kisu hadi kwenye chuma, bandika utepe wa gundi, kisha uvute kwa nguvu. Rangi isipong'oka, iache.

Hatua ya 3. Osha kwa maji ya sabuni, halafu piga msasa wa maji kidogo tu ili rangi mpya ishike. Usikwangue ikiwa kavu, wala usitumie mashine ya kusaga. Vumbi ndilo adui, na barakoa ya kitambaa hailizuii; tumia kipumulio chenye kichujio cha P3 (daraja la juu la kuzuia vumbi laini), tandika nailoni chini, na watoto na wajawazito wasikaribie, kwani Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama. Matope ya msasa yakusanywe kama taka ya sumu, yasimwagwe bustanini.

Hatua ya 4. Palipo wazi paka rangi ya msingi ya zinki fosfeti, kisha funika kote.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa nini nisinunue unga wa risasi nyekundu nikakoroge rangi mwenyewe?
Jibu: Kwa sababu unga mkavu ni hatari kuliko rangi iliyokauka, na mbadala upo. Daraja la Golden Gate, huko San Francisco, Marekani, lilianza kuondolewa rangi ya risasi mwaka 1965, likawekewa msingi wa zinki, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1995.

Swali: Nikitaka kukata chuma hicho kwa gesi?
Jibu: Ondoa rangi kwanza kwa dawa ya kubandulia, angalau sentimita 10 kila upande wa mstari wa kukatia. Moto hugeuza risasi kuwa moshi unaoingia moja kwa moja mapafuni.

Swali: Bomba letu la zamani lina uji mwekundu uliokauka kwenye nyuzi za skrubu za viungo.
Jibu: Huenda ni risasi nyekundu, mafundi waliipaka pamoja na katani kuzibia viungo. Kama ni bomba la maji ya kunywa, kiungo kifunguliwe kikiwa kimeloweshwa, kisafishwe na kufungwa upya kwa utepe mweupe wa kuzibia nyuzi.