Umesahau paswedi ya seva yako ya nyumbani? Usikubali mtu aipige upya

Hii inawahusu wale waliochukua desktop ya mtumba iliyotoka ofisini, wakaipiga Ubuntu Server au Debian (zote ni aina za Linux), wakaichomeka pembeni ya ruta iwatunzie picha, muvi na rekodi za kamera, afu ikawa inajifanyia kazi yenyewe miezi na miezi mpaka siku unataka kuongeza diski ndo unagundua paswedi huikumbuki. Unajaribu zile zako zote za siku zote, zinagoma. Ukimpelekea fundi wengi wao jibu ni moja tu, tupige upya, na kweli itawaka vizuri ila picha za harusi ndo basi tena. Usikubali. Mafaili yapo palepale kwenye diski, kilichokwama ni kuingia tu.

Jambo moja ulijue mapema ni kwamba paswedi ya zamani hutaipata. Linux haiitunzi yenyewe, inatunza kitu kilichosagwa kutokana nayo kwenye faili la /etc/shadow, Ubuntu 22.04 na Debian 11 kuja juu utakiona kinaanza na $y$, za nyuma kidogo $6$, na ukishasaga hurudishi nafaka. Kwahiyo anayekuuzia programu ya "kukusomea" paswedi mwache aende zake. Tunachofanya hapa ni kuweka mpya juu ya ile ya zamani.

Kabla hujaizima angalia vitu viwili. Je, kuna laptop au simu ambayo bado inaingia kwa SSH (njia ya kuiendesha mashine ukiwa mbali) kwa kutumia faili la ufunguo, sio paswedi? Kama ipo unaingia freshi, ila ukiandika sudo, amri ya kuomba uadmini, itakudai paswedi usiyokuwa nayo, hapo wengi wanakata tamaa. Kumbe kama uliweka Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine kwenye vifurushi) na ukajiongeza kwenye grupu la docker, una njia ya mkato:

docker run --rm -it -v /:/host alpine chroot /host passwd juma

Hapo juma weka jina lako. Itakuuliza paswedi mpya mara mbili na kazi imeisha hata bila kuizima mashine. Na ndo ujue kumuweka mtu kwenye grupu la docker ni sawasawa na kumpa uadmini wote, watu hawalisemi hili vya kutosha.

Kama hiyo haipo basi lazima uifuate mashine yenyewe ilipo. Tafuta skrini, ya TV yenye HDMI inatosha kabisa, na kibodi ya waya, sio ya bluetooth maana mwanzoni hapo bluetooth bado haijaamka. Na kama umeme wa kwenu unacheza cheza subiri utulie, hutaki ukatike katikati ya kuandika kwenye diski.

Iwashe. Mashine za zamani zinazowaka kwa BIOS shikilia Shift, za kisasa za UEFI gonga Esc, lengo ni kuipata menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Esc usiigonge kama unapiga ngoma, ukizidisha inakutupa kwenye skrini nyeusi tupu yenye alama ya grub>, ikitokea andika normal, piga Enter, afu gonga Esc mara moja haraka menyu inarudi.

Kwenye Ubuntu kuna njia rahisi, ingia Advanced options, chagua mstari wenye maneno recovery mode, kwenye menyu inayokuja chagua root (akaunti kuu ya mashine) afu piga Enter, ukipata alama ya # andika amri nne zilizopo chini kidogo. Ubuntu ya kawaida akaunti ya root imefungwa ndo maana hapo haikuulizi kitu. Debian ukiwa uliweka paswedi ya root wakati wa kuinstoo itakuuliza hiyohiyo, kwahiyo kwa Debian, na hata Ubuntu ikikataa, tumia hii ifuatayo ambayo mi naipenda zaidi kwasababu haichagui.

Ukiwa kwenye menyu ya GRUB simama kwenye mstari wa kwanza bonyeza herufi e. Yatatokea maandishi mengi, usiogope, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mpaka mwisho wake, pale palipoandikwa ro badilisha iwe rw, na mwisho kabisa ruka nafasi uongeze init=/bin/bash. Kibodi hapo inajifanya ya Kimarekani hata kama yako sio, so alama kama = na / zinaweza kuwa kwenye vitufe vingine, jaribu jaribu. Ukimaliza bonyeza Ctrl na X au F10. Ulichobadilisha hapo hakijiandiki popote, ukiwasha tena kinarudi kama kilivyokuwa, kwahiyo ukikosea hujaharibu kitu.

Itawaka haraka na kukuacha kwenye alama ya #. Hapo we ndo root. Andika:

mount -o remount,rw /
passwd juma
sync
reboot -f

Ukiandika paswedi hakuna kinachoonekana, hata nyota hamna, ndivyo ilivyo, we andika tu. Ikikujibu Authentication token manipulation error mara nyingi maana yake diski bado ni ya kusoma tu, rudia amri ya kwanza. Kama hata jina la akaunti umesahau piga grep 1000 /etc/passwd, akaunti ya kwanza kutengenezwa huwa inapewa namba hiyo. Na usitoke kwa kuandika exit, keneli, yaani moyo wa Linux, itapanic na mashine itaganda kwasababu umeiua programu pekee iliyokuwa inaendesha.

Menyu ya GRUB ikigoma kabisa, au ina paswedi yake, washa kwa fleshi yenye Ubuntu ya kujaribu bila kuinstoo. Ubuntu Server ikijipanga yenyewe huwa inatumia LVM, mfumo wa kugawa diski kwa majina yake yenyewe, ndo maana watu wanatafuta diski hawaioni:

sudo vgchange -ay
sudo mount /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv /mnt
sudo mount --bind /dev /mnt/dev
sudo chroot /mnt passwd juma

Debian na wengine wasio na LVM wapige lsblk waone sehemu ipi ndo yenye mfumo, wai-mount hiyo kwenye /mnt afu waendelee na amri mbili za mwisho.

Yote haya yanagoma kama diski uliifunga kwa LUKS (kufuli la Linux la diski nzima) na neno lake ndo ulilosahau. Hapo hakuna ujanja, tafuta kwenye makaratasi yako au kwenye bakapu.

Wenye Synology, vile visanduku vya dukani vya kutunzia mafaili, nyie mambo yenu mepesi, kuna kitundu cha RESET nyuma, choma na pini ushikilie kama sekunde 4 mpaka ilie mlio mmoja afu achia, inarudisha akaunti ya admin na mipangilio ya mtandao, mafaili hayaguswi. Ila usirudie kuibonyeza tena hapohapo, mara ya pili inaanza safari ya kuinstoo upya DSM, mfumo wake.

Ukishaingia usishangae ukiona folda za Samba (zile unazozifungua kupitia mtandao wa nyumbani) bado zinakataa, Samba ina paswedi zake pembeni, piga sudo smbpasswd juma. Nextcloud, kama unaitumia kutunzia mafaili kwa brauza na simu, nayo ina zake, ingia kwenye folda lake, mara nyingi /var/www/nextcloud, upige:

sudo -u www-data php occ user:resetpassword admin