Kabla hujapanda mti wa maua meupe nyumbani, kagua mizizi

Masika yakikaribia, vitalu vya kando ya barabara hapa Tanga hujaa watu. Kila mtu anataka mti wenye kivuli na maua meupe yanayonukia usiku, na anautaka mrefu, leo hii. Nawaelewa. Nami nilisimama hapohapo nikitaka kitu hichohicho, na mwisho wake nikamjengea jirani ukuta. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa mfukoni, nisikilize.

Anza na eneo. Simama pale unapotaka kupanda, utazame juu: kama nyaya za umeme zinapita, tafuta pengine. Tazama chini: bomba la maji, chemba na shimo la choo viko wapi? Kama hujui, muulize fundi aliyejenga, usikisie. Franjipani, ule mti mdogo wa matawi manene na maua yanayonukia, unaweza kukaa mita 3 kutoka ukutani na usikusumbue. Milingtonia, ule mti mrefu wenye maua membamba kama vibomba vyeupe, huenda juu mita 18 hata zaidi, matawi yake ni mepesi kukatika, na mizizi yake hutoa machipukizi huku na huku. Usiupande karibu zaidi ya mita 10 na nyumba yako wala ya mwenzako. Na kama uwanja wenyewe unatosha mti mmoja mdogo tu, panda mlimau. Nao una maua meupe, nao unanukia, na malimau utakula.

Uliza jina la mti. Usikubali jibu la "huu ni wa maua meupe." Bauhinia, kwa mfano, kuna ya zambarau, ya waridi na nyeupe, na jani ni lilelile, limepasuka katikati kama kwato la ng'ombe. Mche ambao haujawahi kutoa ua hauwezi kukuonyesha rangi yake. Nunua ukiwa na ua, au nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha mti ulikotoka.

Kwa franjipani, wala usinunue. Omba kipande kwa mwenye mti unaoupenda, kwa sababu kipande hutoa ua lilelile la mti mama. Kata tawi lililokomaa, lenye ganda la kijivu, si lile la kijani, urefu wa dhiraa moja. Utatoka utomvu mweupe kama maziwa. Huo huwasha ngozi na huchoma macho, basi vaa glavu na usijipanguse uso. Halafu subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakata asubuhi, wanapanda mchana, wanamwagilia jioni, na baada ya wiki tatu kipande kimeoza, kinabonyea kama ndizi iliyoiva mno. Kiweke kivulini wiki moja hadi mbili, kidonda kikauke na kujifunga, ndipo ukichomeke kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Maji kidogo sana mpaka uone majani.

Na mti ukishakua, kipupwe kikifika ukapukutisha majani yote ukabaki vijiti vitupu, usiung'oe. Haujafa, umepumzika. Nimeona franjipani nzima ikitupwa jalalani mwezi wa saba kwa sababu mwenye nyumba alidhani imekauka. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha: ukikuta kijani na utomvu, uache. Kuna na aina ya pili, yenye ncha ya jani iliyo butu, ambayo hubaki na majani karibu mwaka mzima. Kama hupendi kuona mti mtupu, tafuta hiyo. Zote mbili huvumilia upepo wa chumvi, ndiyo maana sisi watu wa pwani twaishi nazo vizuri.

Sasa njoo kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tulipomaliza kujenga nilinunua miche 3 ya milingtonia. Miwili ilikuwa imenipita urefu, shina limenyooka, majani yanang'aa, na yote miwili imesimama kwenye viriba vidogo vya nailoni nyeusi, saizi ileile ya mche wa mwezi mmoja. Wa tatu ulikuwa hafifu, haufiki gotini, muuzaji akanipa kama nyongeza. Ile mirefu nililipa mara tatu ya bei ya kawaida. Nilipojaribu kuinua kiriba hakikuinuka. Mizizi ilikuwa imetoboa nailoni na kuingia kwenye ardhi ya kitalu. Muuzaji akaikata kwa panga, akaniambia mti wenye mizizi mingi ndio wenye nguvu. Nikaamini.

Kijana aliyekuja kupanda alichimba mashimo, akakata kitako cha kila kiriba kwa kisu, akaushusha mche na nailoni yake ubavuni, akafukia. Kiriba cha ule mdogo kilichanika mikononi mwake, akakitupa. Nami nilikuwepo, nimesimama na ndoo ya maji. Sikusema kitu kwa sababu sikujua kwamba kulikuwa na la kusema.

Miti ile ilikua vizuri. Mwaka wa nne ikaanza kutoa maua. Hufunguka usiku, na alfajiri yanakuwa yamemwagika chini kama yamepangwa. Mama mkwe wangu alikuwa akitoka baada ya swala, anayaokota, anayaweka kwenye sahani yenye maji, na sebule nzima inanukia mpaka adhuhuri. Wageni waliuliza. Nami nilikuwa nikiwaelekeza kwenye kitalu kilekile.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, usiku wa mvua na upepo, tulisikia kishindo. Tulipotoka na tochi, mti mmoja ulikuwa umelala juu ya ukuta wa jirani. Ukuta umeanguka, tangi lake la maji limepasuka, maji yanatiririka mpaka mlangoni kwake. Jioni, watoto wake hukaa chini ya ukuta ule kucheza. Kila nikilikumbuka hilo mwili hunisisimka.

Milingtonia hukatika, hilo linajulikana. Lakini huu haukukatika. Uling'oka mzima, na shimo uliloliacha halikuzidi beseni la kufulia. Nikainama kutazama kitako chake. Mizizi ilikuwa imezunguka, mmoja juu ya mwingine, minene kama mpini wa jembe, imesukwa kama kata ya kubebea ndoo kichwani, na katikati yake vipande vya nailoni nyeusi bado vipo. Miaka mitano mti ulikuwa unakwenda juu, na chini ulikuwa ungali ndani ya kiriba.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mzizi ukigonga ubavu wa nailoni hauna pa kwenda, hugeuka na kuanza kuzunguka. Ukishakomaa katika umbo hilo haunyooki tena, hata ukiupa shamba zima. Na kadiri shina linavyonenepa na mzizi unavyonenepa, ule uliozunguka shingo hulikaba shina lenyewe. Kwa macho huwezi kujua, maana majani ni ya kijani na maua yanatoka. Upepo ndio hukwambia.

Kesho yake tukafukua pembeni mwa ule mrefu wa pili. Kata ileile. Tukaukata siku hiyohiyo, mama mkwe amesimama mlangoni hasemi neno. Ule wa nyongeza tuliufukua taratibu kwa mikono, na mizizi yake ilikuwa imetawanyika pande zote, kila mmoja umeshika njia yake. Ungali umesimama hadi leo. Maua anayookota mama asubuhi ni ya mti ambao sikuulipia hata shilingi.

Basi ukifika kitaluni fanya hivi, na usione haya. Inua kiriba: kikigoma kuinuka, acha mche huo. Linganisha urefu wa mche na ukubwa wa kiriba. Mche mrefu kwenye kiriba kidogo ni mche uliochelewa kuuzwa. Shika shina karibu na udongo, ulitikise taratibu: shina likicheza ndani ya udongo kama mwiko ndani ya chungu, halijashika. Mwombe muuzaji akuchomolee mche mmoja uone mizizi. Mwenye miche mizuri hakatai. Na kati ya mche wa sentimita 40 wenye mizizi iliyonyooka na wa mita 2 uliojikunja, chukua mdogo. Baada ya masika machache unaweza kumpita mwenzake.

Nyumbani, vua kiriba chote. Si kitako tu, chote. Mizizi myembamba iliyoanza kuzunguka, ikate kwa wembe mistari mitatu au minne kutoka juu kwenda chini, na ile iliyojikunja chini kabisa ikate. Utaona kama unautesa mche, lakini kutoka pale ulipoukata ndipo mizizi mipya itachipua kwenda nje.

Mengine ni ya kawaida. Shimo liwe futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu uweke kando na wa chini kando, changanya ule wa juu na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza. Usizamishe shingo ya mche, pale mzizi unapoanzia pabaki usawa wa ardhi. Panda mvua zikianza, si zikiisha. Matandazo weka, lakini yakae mbali na shina kiganja kimoja, la sivyo unawaandalia mchwa karamu. Kiangazi cha kwanza na cha pili ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, imwage polepole. Mti wa kuegemeza ufunge kwa kitambaa kilicholegea, si kwa waya, na uuondoe mwaka ukiisha ili shina lijifunze kusimama.

Usiegeshe gari chini ya mti unaomwaga maua, wala usiupande juu ya vigae vyeupe kama hakuna mtu wa kufagia kila siku. Ua jeupe likioza linakuwa kahawia na huacha doa. Franjipani hutoa maua kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukipunguza matawi yote kabla ya msimu umejinyima maua. Chungulia chini ya majani yake pia. Unga wa rangi ya chungwa ni ugonjwa wa kutu: okota majani hayo uyachome, usiyaache chini ya mti. Pamba nyeupe kwenye makutano ya majani ni wadudu waitwao vidung'ata, na sabuni ya maji iliyochanganywa na maji mengi huwapunguza ukiwahi.

Na sumu. Hili watu hulipuuza kwa sababu maua ni mazuri. Kule Lushoto kwa dada yangu, kwenye baridi, tarumbeta la malaika hustawi sana, lile lenye maua marefu meupe yanayoning'inia kichwa chini na kunukia giza likiingia. Mti huo ni sumu wote, mbegu, majani na ua. Ukiushika kisha ukajifikicha jicho, mboni hutanuka na huoni vizuri. Aliyeula huchanganyikiwa, moyo hukimbia, husema na watu wasiokuwepo. Oleanda nyeupe, yenye majani marefu membamba, ni mbaya vilevile, yenyewe hushambulia moyo, na mbuzi wanaotupiwa matawi yaliyokatwa hufa. Usichongee vijiti vya mishikaki kwenye oleanda, usipikie kuni zake, hata moshi wake una madhara. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, au unafuga, hiyo miti miwili usipande kabisa, panda mingine.

Ukikuta tayari ipo kwenye nyumba uliyopanga, waambie watoto kwa jina la mti, ukiwaonyesha kwa kidole. Na mtoto akitafuna ua au jani usipoteze muda kumnywesha maziwa wala kumtapisha. Mkimbize hospitali, na vunja tawi dogo uende nalo kwenye mfuko, ili daktari aone ni mti gani.