Kuasili mtoto Uingereza mkiwa wapenzi wa jinsia moja: inavyoenda, na pale watu wetu wanapokwama

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili, eti wanawake wawili au wanaume wawili tunaruhusiwa kweli kuasili mtoto hapa, au mpaka mmoja ajifanye anaishi peke yake? Mnaruhusiwa. Na si jambo la jana, England na Wales sheria ilipita 2002 ikaanza kufanya kazi tarehe 30 Desemba 2005, Scotland wakafuata 2009, Northern Ireland ikabidi iburuzwe mahakamani mpaka 2013. Kabla ya hapo mmoja tu ndo alikuwa anaomba, mwenzake anabaki humohumo ndani kama mpangaji mbele ya sheria. Siku hizi mnaomba wote kwa majina yenu na hata ndoa si lazima, watu wawili wanaoishi kama wapenzi kwenye uhusiano wa kudumu inatosha.

Kwa hiyo sheria si tatizo. Wanaokwama wengi wanakwama kwenye makaratasi ya nyumbani na kwenye lile swali la nani atawasaidia kulea, na hapo nitakaa sana maana ndo penyewe. Naongelea England, kwingine taratibu zinapishana kidogo.

Kabla hujapiga simu popote jua kwanza uko kwenye njia ipi. Kama mwenzako tayari ana mtoto wake wa kumzaa na wewe unataka utambulike kisheria, hiyo ni njia fupi zaidi, mtoto awe ameishi nanyi angalau miezi 6, unaitaarifu kaunsili (serikali ya mtaa unapoishi) angalau miezi 3 kabla, afu unapeleka ombi mahakamani. Kama ni wanawake wawili mmeoana na mimba imetungwa kliniki kwa mbegu za mchangiaji, tangu Aprili 2009 mke wa aliyezaa anaandikwa mzazi moja kwa moja kwenye cheti cha kuzaliwa, msiende kuhangaika na kuasili mtoto ambaye tayari ni wenu. Na waliobebewa mimba na mtu mwingine wana amri yao tofauti ya mahakama, haimo humu.

Halafu kuna hili la mtoto wa marehemu dada aliyeko nyumbani. Najua kwetu mtoto wa ndugu unamchukua tu, hakuna anayeuliza karatasi. Hapa usithubutu. Kumwingiza mtoto Uingereza ili umwasili bila kupitishwa kwanza ni kosa la jinai, unaweza kufungwa mpaka miezi 12, na huko nyumbani nako mlango umefungwa: Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto Novemba 2014, na Sheria ya Watoto ya 2001, iliyotumika mpaka 2022, iliandika waziwazi kwamba mwenye mapenzi ya jinsia moja hapewi mtoto. Msaidie huyo mtoto ada na matumizi akiwa hukohuko. Njia ninayoeleza hapa ni ya watoto ambao tayari wako chini ya kaunsili za hapa.

Vigezo vyenyewe havitishi. Wote muwe mmefika miaka 21, na mmoja wenu awe na makazi yake ya kudumu kisheria hapa au wote muwe mmeishi hapa kikweli angalau mwaka mmoja. Nyumba ya kupanga inakubalika, mshahara mdogo unakubalika, wanachotazama ni kama mnaweza kuubeba mzigo wa kulea. Chumba cha mtoto watauliza. Viza ndo watu wanaogopa, sheria haisemi lazima uwe na uraia ila ejensi (shirika linalosimamia ombi lenu la kuasili) itataka kuona hamtafukuzwa nchini mwaka ujao, kwa hiyo kama karatasi zako zinakaribia kuisha shughulikia hizo kwanza. Makosa ya zamani ya polisi hayakuondoi yote, yanayokuondoa moja kwa moja ni makosa mazito dhidi ya watoto na ya ngono, mengine yanajadiliwa mradi umeyataja mwenyewe kabla hawajayakuta.

Kuchagua ejensi, kuna za serikali za mitaa zilizoungana kimkoa na kuna za mashirika ya hiari. Piga simu kwa tatu hivi, hudhuria vikao vyao vya maelezo, na sikiliza wanavyoongea na nyinyi. Zile za Kikatoliki zilizokuwa hazitaki watu kama sisi zilipewa mpaka mwisho wa 2008 zijirekebishe, nyingine zikabadilika nyingine zikajitoa kwenye kazi hiyo, na sasa Sheria ya Usawa ya 2010 inawabana wote. Huduma ni bure, ukiona mtu anadai hela ya kukuunganisha na mtoto kimbia. Utakayolipa hasa ni ada ya mahakama huko mwishoni.

Mkishakubaliana na ejensi mnajaza fomu ya kuonyesha nia, wana siku 5 za kazi kuwajibu, na inaanza hatua ya kwanza ambayo kwa kawaida ni miezi 2. Hapa ni uchunguzi wa makaratasi: ukaguzi wa polisi unaoitwa DBS, vipimo kwa daktari wenu, mafunzo, na wadhamini wasiopungua watatu ambao ndugu ni mmoja tu asizidi. Na kama uliishi nje ukiwa mtu mzima wataomba rekodi ya polisi ya huko pia. Mkenya anaomba cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi ya polisi) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Mtanzania anaenda polisi, yote mawili ni ya alama za vidole na yanachukua muda, anza hata kabla ya kujaza fomu maana wengi hapa ndo wanapotezea miezi. Sasa kama ulikuja hapa kama mkimbizi, usikimbilie ubalozini kuomba karatasi ya serikali uliyoikimbia! Mwambie soshowoka (afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia ombi lenu) hali yako, na wakili wa kesi yako ya ukimbizi ajue, watakubaliana na ejensi namna nyingine ya kulithibitisha hilo.

Hatua ya pili kwa kawaida ni miezi 4, na mnaruhusiwa kupumzika mpaka miezi 6 katikati ya hatua ya kwanza na ya pili mkichoka. Soshowoka anakuja nyumbani tena na tena, anaongea nanyi pamoja na mmojammoja, utoto wenu, wazazi wenu walivyowachapa au hawakuwachapa, pesa, ugomvi wenu, mapenzi ya zamani. Swali la viboko jiandae nalo. Kusema nilichapwa na nikawa mtu hakukuondoi, kusema na mimi nitachapa kunakuondoa.

Sasa tuje kwenye lile swali la nani atawasaidia kulea. Soshowoka ataweka karatasi mezani, atachora duara katikati aandike majina yenu, halafu anaanza kuuliza mnachora mistari. Nani wa karibu, nani wa mbali. Na atauliza hivi: saa tisa usiku, mtoto ana homa, mwenzako yuko shifti, gari hakuna, unampigia nani? Hapo Waswahili wengi wanajibu mama. Mama yuko Kisumu au Tanga. Mama hawezi kuja saa tisa usiku na paracetamol. Soshowoka anataka jina la mtu anayefika mlangoni kwako ndani ya nusu saa.

Kwa watu wetu hili linauma mara mbili kwa sababu wale tuliokuwa tunawategemea kiasili, shangazi, jumuiya ya kanisani, wamama wa chama, wale ndo wengi wetu tumewaficha. Unakuta watu wana namba 200 za simu na wa kuandika kwenye duara hana hata wanne. Ushauri wangu mkubwa kwenye andiko hili lote ni huu: msitunge. Msiandike shangazi wa Luton ambaye hajui kama mko pamoja, kwa sababu soshowoka anawapigia hao watu na wengine anawatembelea, utakuwa umemtangaza mwenzako kwa shangazi na umeonekana muongo siku hiyohiyo. Semeni wazi kwamba familia ya Fulani haijui na sababu zake, kwamba nchini kwetu mtu anafungwa kwa hili, Kenya ni mpaka miaka 14 kwenye vitabu, Tanzania mpaka maisha, Uganda 2023 wameweka hata kifo kwa baadhi ya makosa. Soshowoka mzuri anaelewa kwamba kuficha huko ni usalama. Ila atauliza swali la pili ambalo ni la haki kabisa: mtoto mtamwambia nini siku bibi akipiga video? Mtoto huyu tayari ametoka kwenye nyumba yenye siri, hawawezi kumpeleka kwenye nyumba ambayo anafundishwa kumwita baba yake mmoja anko mbele za watu. Hilo mkae mlimalize nyinyi wawili kabla hajauliza.

Na duara linajengeka. Anzeni mwaka kabla. Jirani wa chini mliyekuwa mnamsalimia tu, mfanyakazi mwenzako anayejua, vikundi vya wazazi wa jinsia moja walioasili, wapo miji mingi na wanakaribisha hata ambao hawajaanza. Jitoleeni Jumamosi kwenye klabu ya watoto, inawapa uzoefu na inawapa mdhamini kwa mpigo mmoja. Watu sita wa kweli wanashinda ishirini wa karatasi.

Atauliza pia utamaduni wa mtoto. Kuna watoto weusi wanaosubiri muda mrefu, na kujua kusuka nywele au kupika kitu kinachofanana na alichokula mtoto kunahesabika, lakini usidhani kwa sababu wewe ni Mwafrika basi mtoto wa Kijamaika au wa Kighana umemjua. Sema utajifunza.

Ripoti ikiisha mnapewa rasimu, mna siku 5 za kazi za kuandika maoni yenu, someni kila mstari, hasa majina na nchi maana wanakosea. Halafu paneli, kikundi cha watu mezani wanaouliza maswali, si mahakama, paneli inapendekeza tu, anayeamua ni afisa wa ejensi. Mkikataliwa hapo mna siku 40 za kazi kuomba mapitio huru.

Kumpata mtoto kunaweza kuwa haraka au kukawa mwaka na zaidi. Mtasoma maelezo ya watoto mpaka mchoke, na mtakataliwa mara kadhaa bila kuelezwa vizuri. Mkilinganishwa na mtoto kuna paneli nyingine, halafu siku za kuzoeana kwa mlezi wake wa muda, halafu anahamia. Mnaweza kuomba mahakama baada ya mtoto kuishi nanyi wiki 10, wengi wanasubiri zaidi. Amri ikitoka, wazazi wa kuzaa haki zao zimekwisha ila mara nyingi barua moja au mbili kwa mwaka zitaendelea kupitia ejensi, ziandikeni.

Kazini, mmoja wenu anachukua likizo ya kuasili mpaka wiki 52, malipo ya kisheria ni wiki 39 kama umefikisha vigezo, na mwingine anapata likizo inayoitwa ya baba hata kama ni mwanamke, HR wakishangaa waambie wasome.

Mwisho, cheti. Agizeni vyote viwili, kirefu chenye majina yenu wazazi wote wawili na kifupi ambacho hakitaji wazazi wala kuasiliwa. Kifupi ndo cha kutembea nacho. Kuhusu kumpeleka nyumbani, wenye mioyo wanaenda mzazi mmoja na mtoto tu, na barua ya ruhusa ya mwenzake, mwingine anabaki. Mimi napendelea bibi aje huku, viza ya kutembelea ni mpaka miezi 6, na maswali atakayokuwa nayo atayauliza akiwa sebuleni kwenu.