Kitambaa cha turubai la kambini: njoo dukani na mzani

Turubai langu la kwanza nililishona kwa parachuti ya buluu, ile inayong'aa ya jaketi za bei nafuu. Muuzaji aliniapia kuwa haipitishi maji. Mimi na mdogo wangu tukalala nalo msitu wa Chome kule Pare, tukielekea kilele cha Shengena. Mvua ilianza saa nane usiku. Ilipofika saa tisa turubai limebonyea katikati kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na maji yanachuruzika kwenye blanketi. Na mimi ni fundi cherehani, hapa hapa Moshi! Mdogo wangu bado ananicheka.

Makosa yalikuwa mawili. Kitambaa hakikuwa na upako, ile tabaka nyembamba ya kuzuia maji, halafu kilikuwa nailoni. Nailoni hunywa maji kidogo, na ikilowa hurefuka. Ni imara, siikatai, ila lazima uamke usiku ukaze kamba. Poliesta hairefuki hivyo, na kwa mtu anayependa usingizi wake ndiyo ninayompa. Kuzitofautisha, chomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa uuchome nje ya duka: poliesta hutoa moshi mweusi, nailoni moshi wake ni mweupe hafifu.

Kuhusu upako, bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, rudisha kwenye jora.

Kisha uzito. Nunua mita moja ya majaribio uipime kwenye mzani wa jikoni. Majora mengi yana upana wa mita 1.5, kwa hiyo gramu 75 ni sawa na gramu 50 kwa mita ya mraba. Turubai la mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9, yaani gramu 450 hivi kabla ya kamba. Plastiki ya kufunikia mahindi, ikiwa ya gramu 200, ingekuwa kilo 1.8. Mimi hutafuta kati ya gramu 45 na 70. Chini ya hapo kitambaa kinahitaji mikono mipole, na mdogo wangu hana.

Ukiona vijisanduku vidogo vidogo kwenye kitambaa, hiyo ni ripstopu. Zile nyuzi nene huzuia mpasuko usikimbie. Lipia tofauti ya bei.

Kitambaa kizuri kuliko vyote nimekipata kwenye mitumba pale soko la Memorial, katika hema lililovunjika nguzo. Chukua kile kifuniko cha nje. Cha ndani kinapumua, hakifai. Ila kinuse kwanza. Upako wa poliyurethani ukikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huoza, unanuka kama matapishi na kunata vidoleni. Hauponi kwa kufuliwa. Wa silikoni hauna tabia hiyo, ila unateleza kama sabuni chini ya mguu wa cherehani: bana kwa klipu, maana kila tundu la pini ni tundu la maji.

Kwa upana wa mita 1.5 utahitaji vipande 2 vya mita 3, na turubai litapungua kidogo kwa ajili ya mshono na upindo. Unganisha kwa mshono bapa kama wa jinzi, ukae juu kwenye mgongo wa turubai. Uzi uwe wa poliesta, sindano namba 11.

Mshono uzibe. Kwenye silikoni tepu haishiki, hivyo lainisha silikoni ya mafundi wa madirisha kwa waiti spiriti, paka kwa brashi, uache usiku kucha. Asubuhi nyunyizia poda ya mtoto kabla ya kukunja, usije ukagandana.